Kufanya Kazi Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wahitimu mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Lupaso)



Barua ya Kamati iliniomba nizungumze juu ya kufanya kazi nyumbani kwa manufaa. Nilimsomea mama barua hiyo kwa simu. Alicheka sana, kisha akaniuliza, "Kwani kazi hufanyika wapi?" Sikuwa na jibu la haraka. Hapa Lupaso, na Masasi nzima, na huko juu Newala, mtu akiamka kazi yake anaikuta uani. Mchongaji wa Kimakonde hukaa chini ya mwembe wake na gogo la mpingo. Fundi cherehani yuko barazani. Korosho hubanguliwa nyuma ya jiko. Waliofundishwa kwamba kazi ni kitu cha kukiendea mahali pengine ni sisi, tuliopita katika madarasa haya.

Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1999. Wale wa bweni letu watakumbuka kengele ya rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Ilipigwa alfajiri tukaamka, ikapigwa tukaenda mchakamchaka, ikapigwa tukaingia darasani, ikapigwa tukala maharage, ikapigwa tukasoma usiku. Tulidhani tuna bidii. Kwa kweli bidii ilikuwa ya kengele. Nimekuja kulitambua jambo hilo nikiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, na nililitambua kwa aibu. Kisa chenyewe nitakieleza kama kilivyokuwa, maana Kamati ilitaka maneno ya kuwasaidia vijana, nami sidhani kijana husaidiwa na mtu mzima anayejisifu.

Mwezi Januari 2025 ulifanyika Dar es Salaam mkutano mkubwa wa wakuu wa nchi za Afrika juu ya nishati, ule ulioitwa Misheni 300. Barabara kadhaa zilifungwa kwa ajili ya misafara ya wageni. Kwa hiyo watumishi wa umma wa Dar es Salaam tulielekezwa kufanyia kazi nyumbani siku mbili, tarehe 27 na 28, Jumatatu na Jumanne, isipokuwa wale ambao kazi zao haziwezekani pasipo kuwapo. Tulifurahi kama wanafunzi walioambiwa mwalimu wa hisabati anaumwa.

Ofisi ninayofanyia kazi sitaitaja. Yatosha mjue kwamba majalada ya wastaafu hupita mezani kwangu. Ijumaa ile nilikuwa na jalada moja lililobakiza jambo dogo. Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa huku kwetu upande wa Newala, tarehe yake ya kuajiriwa ilisomeka hivi katika barua moja na vingine katika barua ya pili. Mstaafu wa namna hiyo halipwi mpaka mtu aketi, azilinganishe karatasi, aandike maelezo ya ukurasa mmoja na kuyatia saini. Ni kazi ya saa nne, na kwa mtu mwepesi ni saa tatu. Nilijiambia nitaifanya nyumbani kwa utulivu, na nikatoa nakala za karatasi zile nikazitia katika mkoba.

Jumatatu niliamka saa mbili, kwa kuwa hapakuwa na gari la kuwahi. Nikanywa chai. Mke wangu ni muuguzi, naye alikwisha kwenda kazini. Wodi haifungwi kwa sababu ya mkutano. Nilipoketi mezani, jirani akapiga hodi kuomba nimsaidie kushika ngazi atengeneze paa. Mtu yuko nyumbani siku ya kazi, kwa nini asishike ngazi? Nikashika. Saa tano umeme ukakatika. Nikasema nitaanza ukirudi, ingawa karatasi zangu hazikuhitaji umeme hata kidogo. Mchana nikalala kidogo. Jioni watoto wakarudi, na mtoto akimwona baba kakaa mezani haoni mtumishi wa umma, anaona baba. Usiku nikaufungua mkoba, nikazitazama karatasi, nikaufunga.

Jumanne sitaisimulia. Ilifanana na Jumatatu, ila badala ya ngazi kulikuwa na msiba wa mtaa wa pili.

Jumatano nikaenda ofisini mapema, na kwenye benchi la nje nikamkuta mzee ameketi, bahasha ya kaki mapajani. Nikamwamkia. Kumbe ndiye mwenye jalada. Alikuwa amepanda basi kutoka Masasi siku ya Jumapili, akashukia Mbagala, akalala kwa shemeji yake, na Jumatatu asubuhi alifika langoni akaambiwa watumishi wanafanyia kazi nyumbani. Jumanne akarudi, akaambiwa hivyo hivyo. Hakuwa amekasirika. Aliniuliza kwa upole wa kimwalimu, kama anayesahihisha daftari: "Mwanangu, niliambiwa ulikuwa unafanyia kazi nyumbani. Imekwendaje kazi?"

Nilimjibu, "Inaendelea vizuri, mzee."

Ndugu zangu, nimesema uongo mara kadhaa katika maisha yangu, na mwingi nimeusahau. Huo sijausahau. Niliingia ndani, nikaandika ukurasa ule kabla ya saa sita, nikaupeleka kunakohusika. Nikaambiwa orodha ya malipo ya mwezi ilifungwa jana yake jioni. Mzee akasubiri mwezi mwingine mzima. Alikuwa na mkopo wa pembejeo, na msimu wa kupalilia mashamba ulikuwa umefika.

Baada ya hapo nilianza kulitafuta kosa langu, nikitaka kujua ni uvivu au ni kitu kingine. Nilipokuwa Chuo Kikuu tulifundishwa kwamba kabla ya kulaumu tabia ya mtu uchunguze mazingira yake, na fundisho hilo lina raha yake hasa pale mtu anayechunguzwa ni wewe. Lakini nilipotafuta niliona kwamba kuna ukweli ndani yake.

Kampuni moja ya China iitwayo Ctrip, inayouza tiketi za ndege na nafasi za hoteli, iliwahi kulipima jambo hili mwaka 2010 na 2011. Mtaalamu wa uchumi Nicholas Bloom na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wa simu wapatao 250 wa mji wa Shanghai waliojitolea. Waligawanywa kwa tarehe zao za kuzaliwa, wenye tarehe shufwa wakafanyia kazi nyumbani siku nne katika wiki, wenye tarehe witiri wakabaki ofisini. Baada ya miezi tisa waliokuwa nyumbani walikuwa wamezidi kwa asilimia 13. Sehemu kubwa ya ziada hiyo ilitokana na kukaa kazini dakika nyingi zaidi, bila kuchelewa, na kwa mapumziko na siku za ugonjwa zilizopungua. Sehemu iliyobaki ilitokana na utulivu. Matokeo yalitolewa mwaka 2015, na tangu hapo watu wengi wamekuwa wakiyanukuu kuthibitisha kwamba nyumbani ni bora kuliko ofisini.

Wanaonukuu aghalabu huyaacha mambo mawili. La kwanza, hakuruhusiwa kujiunga mtu asiyekuwa na chumba cha peke yake cha kufanyia kazi, na simu zao zilihesabiwa na mtambo moja moja. La pili, muda ulipokwisha na kila mtu akaruhusiwa kuchagua, wapatao nusu ya wale wa nyumbani walirudi ofisini kwa hiari yao. Upweke ulikuwa umewachosha.

Sasa nani kati yetu ana chumba cha peke yake? Nyumba yangu Dar es Salaam ina vyumba vitatu na watu saba. Chumba cha peke yake nilichonacho ni bafu. Na nani alikuwa ananihesabia? Hakuna aliyeniambia Ijumaa ile, "Jumatano nataka karatasi mbili hizi juu ya meza yangu." Tuliambiwa tu tukafanyie kazi nyumbani, na kazi ambayo haikutajwa jina ni rahisi sana kuiahirisha. Sisemi hivi kuwatupia lawama wakubwa zangu. Mkubwa wa chumba kile ni mimi, na walio chini yangu nami sikuwatajia kitu.

Miezi michache baadaye mama aliumwa, akalazwa siku kadhaa hospitali ya Ndanda, na alipotoka nikachukua likizo nije kumwangalia hapa Lupaso. Nilikuja na taarifa moja ndefu ya ofisi iliyokuwa haijakamilika, nikiwa na deni moyoni la yule mzee. Safari hii nilitaka kufanya kweli.

Siku ya kwanza nikaweka meza barazani penye upepo. Sikuandika hata mistari mitano. Baraza ya kwetu si mahali pa faragha. Aliyekaa barazani amewaambia watu kuwa anawapokea. Kila mpita njia alisimama, akaniamkia, akauliza hali ya mgonjwa, akauliza habari za Dar es Salaam, akakaa. Siku ya pili akaja mjomba. Vijana wa huku mnajua mjomba ni nani. Kwa sisi tunaofuata ukoo wa mama, mjomba akisema twende, unanyanyuka. Alitaka nimsindikize kwenye shauri la mahari ya binti wa ndugu yetu. Nikamwambia, "Mjomba, niko kazini." Akazunguka akanitazama, akaitazama meza, akaitazama kompyuta, akasema, "Uko likizo, uko kwenu, umevaa kandambili, na uko kazini?" Alikasirika, na haki ilikuwa yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mahali pa kupumzikia nikidai niko kazini.

Basi siku ya tatu nikahamia stoo, kati ya magunia matupu na mfuko wa salfa wa kupulizia mikorosho. Harufu ya salfa mnaijua. Hakuna mgeni anayeifuata. Na mjomba nilimwendea mwenyewe alfajiri, kabla hajanijia, nikamwambia kuwa mpaka saa sita nina kazi ya serikali, na baada ya saa sita mimi ni wake mpaka jua lizame. Alikubali mara moja. Tena siku iliyofuata alimzuia mtu mwingine asije kunisumbua, akimwambia, "Mwacheni mpaka saa sita." Nimekuwa nikisikia watu wa mjini wakilalamika kwamba jamaa zetu hawaheshimu kazi. Nadhani hatuwaambii. Mtu hawezi kuheshimu saa asiyotajiwa.

Lakini fundisho kubwa nililipata kwa mama mdogo, ambaye wakati huo alikuwa akikaa kwetu kumsaidia mama, naye hubangua korosho za kuuza. Nilikuwa nikimwona kwa dirisha la stoo.

Wengi mnaifahamu kazi hiyo, lakini wapo wahitimu waliokulia mjini, na vijana wa leo wanaozila korosho za paketi bila kujua zimefikaje. Korosho ghafi hukaangwa katika bati juu ya moto wa nje, na mafuta ya ganda lake hushika moto na kutoa moshi unaochoma macho na kifua. Zikiungua kwa kiasi humwagwa mchangani moto uzimike. Kisha hugongwa moja moja, ganda lipasuke na kiini kisivunjike, kwa sababu nzima ina bei na kipande hakina. Baadaye huondolewa lile ganda jembamba la ndani. Mafuta ya ganda yanababua ngozi. Mama mdogo hupaka jivu mikononi, hata hivyo vidole vyake ni vyeusi na vina makovu.

Niliona kwamba alianza kabla ya jua kuchomoza, upepo ukiwa bado haujaanza kuutupa moshi ndani ya nyumba. Bati likiwa motoni hakuitika hata aitwe na nani, maana dakika moja ikizidi korosho zimekuwa makaa. Wakati wa kugonga, kinyume chake, aliwakaribisha wageni wote, wakakaa mkekani wakazungumza naye naye akigonga, na wengine wakachukua jiwe wakamsaidia. Kumbe alikuwa ameigawa kazi yake sehemu mbili, ile isiyovumilia mtu na ile inayopenda watu, na kila moja ameipa saa yake. Mimi na shahada yangu nilikuwa sijaigawa hivyo. Taarifa yangu ilikuwa na kurasa za kufikiri na kurasa za kunakili tarakimu, na nilikuwa nikizichanganya siku nzima.

Nikamwuliza, "Mama mdogo, unajuaje kuwa kazi ya leo imekwisha?" Akanionyesha ndoo yake ya plastiki. Ikijaa, anaosha mikono. Hata kama ni saa nne ya asubuhi, anaosha mikono. Na isipojaa, atarudi jioni baada ya kupika. Nilianza kufanya hivyo. Kila asubuhi niliandika katika kipande cha karatasi kitu kimoja kitakachokuwa kimekwisha, kwa mfano jedwali la tatu na maelezo yake, na kilipokwisha nilifunga kompyuta. Taarifa ilikamilika siku ya tisa. Jioni nilikuwa mtu wa kula ming'oko na kuzungumza na mama, jambo ambalo ndilo hasa lililonileta.

Hapa sina budi kuongeza neno, kwa sababu ninaona vijana wengine wanatabasamu kana kwamba nimewaambia maisha ya kubangua korosho ni mazuri. Sikusema hivyo. Mama mdogo hana bima ya kazi, hana likizo, akiungua hakuna anayemlipa, na bei ya ndoo yake hupangwa na mnunuzi wa barabarani. Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vikiwamo vya Masasi na Newala, ili kazi hii itoke uani iende kwenye mashine. Mashine hizo nyingi zilikuja kunyamaza katika miaka ya 1980 kwa kukosa korosho. Mavuno ya nchi yalikuwa yamefikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000.

Sababu zilikuwa nyingi: bei ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga, na mambo mengine. Lakini moja inahusu mada yetu. Wakati wa Operesheni Vijiji, tangu 1973 hadi 1976, watu walihamishwa makazi, na mikorosho haikuhama. Mtu aliyekuwa akiamka na kuuona mti wake mlangoni sasa alitembea kilometa kadhaa kuufikia. Palizi ikapungua, kisha moto wa pori ukaingia, kisha watu wakaacha. Sizungumzi siasa za wakati ule; nasema umbali kati ya mahali mtu anapolala na mahali kazi yake ilipo ni jambo zito kuliko tunavyolichukulia, na unaweza kuangusha zao zima. Zao hilo limeinuka tena. Msimu wa 2024/25 nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000. Korosho nyingi bado husafirishwa zikiwa ghafi, na mama mdogo bado anatumia bati.

Jambo jingine nililoliona kwa dirisha la stoo linatuhusu sisi wanaume, na shule hii ilikuwa ya wavulana tupu wakati wetu, kwa hiyo nitalisema. Mama mdogo alipoacha bati hakupumzika. Alichota maji, akapika, akamwogesha mgonjwa. Mimi nilipotoka stoo nililetewa maji ya kunawa. Zile siku mbili za Januari pia, mke wangu alirudi kutoka zamu akanikuta niko nyumbani tangu asubuhi, na vyombo vya chai viko vilevile. Hakusema neno. Alivua viatu akaviosha. Tunapozungumza juu ya kufanyia kazi nyumbani tukumbuke kwamba nyumba ni mahali pa kazi tayari, na ina mwenye kazi yake. Anayeingia na kompyuta na kuomba kimya ni mgeni katika ofisi ya mtu. Siku hizi nikiwa nyumbani mimi ndiye ninayepika chakula cha mchana. Wali wangu haujasifiwa, lakini unalika.

Wapo watakaosema mambo haya ni mapya, yameletwa na kompyuta. Si kweli. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali tangu 1926, karani wa forodha kwa miaka kumi na minane, kisha idara ya wanyama pori, kisha ofisi ya wilaya Tanga, kisha ofisi ya upimaji ramani, karibu mpaka mwisho wa maisha yake mwaka 1962. Vitabu vile zaidi ya ishirini havikuwa sehemu ya ukarani wake. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare zilizotoka mwaka 1963 na 1969, naye wakati huo akiongoza nchi, na alipendelea kuishi nyumbani kwake Msasani. Na Mzee Benjamin Mkapa, mtoto wa kijiji hiki, aliyezaliwa mwaka 1938 na ambaye kaburi lake liko hapa hapa tangu Julai 2020, alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 2019, miaka kumi na minne baada ya kutoka Ikulu. Hakuna aliyekuwa akimpigia rimu ya lori.

Mwishoni mwa Oktoba 2025, baada ya siku ya uchaguzi, watumishi tuliagizwa tena kufanyia kazi nyumbani. Safari hiyo intaneti ilikuwa imezimwa nchini kwa siku kadhaa. Huzuni ya siku zile sitaigusa kwa maneno mepesi katika mkutano wa furaha kama huu. Nasema tu kwamba nilikuwa na karatasi, kalamu, na orodha fupi ya wastaafu niliyoiandika kwa mkono kabla, kwa sababu ya yule mzee. Intaneti iliporudi, maelezo ya majalada yale yalikuwa yamekwisha kuandikwa.

Ninyi wanafunzi wa kutwa mnafanyia kazi nyumbani kila jioni, ingawa hakuna aliyewaita kwa jina hilo. Mwaka 2020 shule zote zilipofungwa kwa ajili ya korona kuanzia katikati ya Machi hadi Juni, wengi wenu mlikuwa shule ya msingi. Ulizeni kaka na dada zenu ni nani aliyesoma na ni nani aliyechunga mbuzi miezi mitatu. Aliyesoma mara nyingi ni yule ambaye mzazi wake alimwambia, "Saa hii ni yako." Wazazi mlio hapa, saa moja tu, isiyokatwa kwa kutumwa dukani. Nanyi vijana msidai saa tano mkapewa zote mkacheza na simu.

Nilipokuwa nakuja mkutanoni nilipitia kwa yule mwalimu mstaafu. Malipo yake aliyapata, kwa kuchelewa, na palizi ya mwaka ule ilimpita. Nilimweleza ukweli: kwamba siku zile mbili sikufanya kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alijua tangu pale kwenye benchi, maana miaka thelathini aliwauliza watoto kama wamefanya kazi za nyumbani, na uso wa asiyefanya anaufahamu. Akanikaribisha uji. Chini ya mwembe wake palikuwa na ubao na watoto kumi na watano hivi wa jirani, na tulipokuwa tukinywa uji alinyanyuka mara mbili kwenda kusahihisha.

Ndugu Mwenyekiti, ombi langu kwa Kamati ni dogo. Kile chumba cha pembeni ya maktaba kilichokuwa stoo ya majembe kimekaa tupu. Kifunguliwe jioni na wakati wa likizo, kwa wanafunzi wa kutwa ambao kwao hakuna meza, na kwa mhitimu yeyote aliyekuja kuuguza mzazi na ana kazi ya kumalizia. Ninatoa meza mbili na taa ya jua. Viti nawaachia wenzangu wa mwaka 1999, na najua wamo humu ndani, nawaona.